Tukifunga mivumba tutavaa nini: pamba yetu au poliyesta ya dukani?

FundiNamakwekwe:
Habari zenu ndugu zangu. Huu mjadala wa mivumba, yaani mitumba, hapa Uganda naona watu wanarushiana maneno tu, mmoja anatetea tumbo lake mwingine anatetea uzalendo, na hakuna anayeshika nguo yenyewe akaiangalia, sasa nimeuleta hapa tuongee vizuri. Mnakumbuka Agosti 2023 rais Museveni alikuja hapa kwetu Mbale kwenye viwanda vya Wachina akasema mivumba basi, ati mzungu akifa wanakusanya nguo zake wanatuletea sisi. Tangu siku ile ukivaa shati la soko la Owino, Kampala, hakosi mtu wa kukuambia umevaa maiti. Halafu kuna vijana wa mazingira nao wanasema nguo kuukuu ndiyo salama kwa sababu imeshatengenezwa, maji na moto wa kiwanda vimeshatumika, bora tuivae mpaka iishe. Mimi nasema wote wameruka swali lenyewe: hiyo nguo ni ya kitambaa gani?

Mimi ni fundi, mwaka wa kumi na sita huu niko kwenye cherehani. Juzi binti amekuja na yadi sita za kitenge, kipya, kinang'aa, anataka gauni la mahafali, dukani wamemwambia pamba tupu na bei wakamtoza ya pamba. Nilikishika tu nikajua, kinateleza mkononi kama kambale. Nikachomoa nyuzi mbili tatu pindoni nikaziwashia kibiriti mbele yake, zikajikunja zikayeyuka, moshi mweusi, zikaacha kigololi kigumu hata ukikibonyeza hakivunjiki. Hiyo ni poliyesta, inatokana na petroli, na ile chupa ya soda ni ndugu yake wa tumbo moja. Pamba ukiichoma inanuka karatasi na majivu yake yanasagika kidoleni. Mtoto wa watu machozi yakamlenga. Siku hiyo hiyo mwalimu mmoja mstaafu ameniletea shati la mivumba, pamba nzito, kola imelika yote, nikaifumua nikaigeuza upande wa chini ukaja juu, nikaipiga pasi, shati limerudi kuwa shati na atalivaa miaka. Sasa niambieni kati ya hizo mbili ipi ndiyo ya maiti?

Na hiyo poliyesta kila ukiifua inapukutisha vinyuzi ambavyo jicho halivioni, vinashuka na mto Namatala mpaka ziwa Kyoga. Kule Mwanza watafiti walipasua mputa na ngege (sangara na sato) wa Ziwa Victoria wakakuta plastiki kwa samaki mmoja kati ya watano hivi, waliandika 2016, na poliyesta ilikuwamo. Ni samaki hao hao wa mezani kwetu.

Msimamo wangu: tusifunge mivumba, tubane poliyesta mbovu iwe kuukuu iwe mpya. Kontena likifika mpakani Malaba likaguliwe, pamba na kitani kodi ndogo, plastiki kodi kubwa. Na serikali inanunua yunifomu za polisi na jeshi kila mwaka, ianze hapo kudai pamba ya Uganda, maana kiwanda kinaishi kwa oda, hotuba hazisokoti uzi.

Belo_Owino:
Fundi umeongea vizuri lakini naona hujawahi kufungua belo, ule mzigo wa mivumba. Mimi nafungua, pale Owino, tangu nikiwa kijana. Unalipa kabla hujaona ndani, ukikata zile kamba ni bahati yako na Mungu wako. Zamani ulikuwa unapata jinzi nzito, makoti, mashati kama hilo la mwalimu. Siku hizi unakuta vinguo vyembamba vya fasheni ya msimu mmoja, ukivuta kidogo vinachanika, vingine vina lebo ya bei bado, hakuna aliyevivaa. Kwa hiyo hiyo habari ya wafu siikubali, huyo mtu hajafa, amenunua akachoka. Zile mbovu nawauzia mafundi magari wafutie oili, na zinazobaki zinachomwa ama zinaishia mtaro wa Nakivubo hapa Kampala, mvua ikija mnatulaumu sisi wakati aliyezituma yuko kwake amekaa.

Ila huo ukaguzi wako wa Malaba sahau. Belo limebanwa na mashine, nani atafungua kontena zima akae ashike shati moja moja? Kitakachotokea ni mtu kupokea kitu kidogo na kontena linapita. Na mimi nimesomesha watoto watatu na hii kazi, usiniambie niende nikangoje kiwanda.

Jirani_wa_Katuna:
Mnaongea kama hili halijawahi kujaribiwa. 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mitumba iishe ifikapo 2019, Marekani wakatishia kutuondolea AGOA, ile nafuu ya kuwauzia bidhaa bila ushuru, wengine wote wakarudi nyuma, Rwanda wakakaza. Kodi yao ilitoka senti 20 ya dola ikaruka mpaka dola 2.5 kwa kilo, na 2018 Marekani ikawaondolea nafuu ya nguo kweli. Viwanda kidogo vilipata nguvu, siwezi kukataa, lakini sisi wa mpakani na Rwanda tuliona mabelo yakipita usiku, na madukani zikajaa nguo mpya za bei ya chini kutoka China, zile zile za kigololi anazosema fundi. Ukifunga mlango wa mivumba kabla hujawasha kiwanda, anayeingia ni poliyesta.

BintiLango:
Nyinyi wa mjini mnataja pamba kama vile inaota yenyewe barabarani. Mimi nimelima pamba na mama yangu. Unapanda Juni ama Julai, unapalilia, mtu anapiga dawa na pampu mgongoni bila hata kitambaa cha mdomo, Desemba mpaka Februari unachuma na yale maganda makavu yanakuchuna kucha, halafu unapeleka kwenye kinu cha kuchambua pamba wanakuambia bei ya dunia imeshuka. Ndiyo maana watu kwetu wamehamia alizeti na soya. Mwaka 1970 nchi hii ilitoa belo zaidi ya 400,000, mnadhani walikoenda wale wakulima ni wapi, walichoka!

Na hiyo pamba isiyopigwa dawa ipo kwetu Lango, kaskazini, tangu miaka ya 1990, lakini sehemu kubwa ya pamba ya Uganda inaondoka ghafi, inasokotwa na kushonwa huko nje, ikirudi imekuwa tisheti ambayo mimi niliyeilima siwezi kuinunua. Fundi nakuunga mkono kwa yunifomu tu. Mambo mengine hebu anzeni na bei ya mkulima.

Mzee_Bukomansimbi:
Wanangu mmesahau nguo iliyokuwa hapa kabla ya hizo zote. Pamba imeletwa 1903, olubugo, nguo ya gamba la mti, ilikuwapo karne na karne. Mti wa mutuba unauchuna gamba wakati wa mvua, shina unalifunga na majani ya ndizi lisikauke, linaota gamba jingine, na mwakani unachuna tena, mti hukati. Lile gamba unalipiga na nyundo za mbao zenye mifereji, unaanza na mifereji mipana unamaliza na ile myembamba, linanyumbuka mpaka linakuwa kitambaa, ukilianika juani linageuka rangi ya udongo. Hakuna dawa hapo, hakuna petroli. UNESCO wameitambua tangu 2005. Lakini mpe kijana koti la olubugo uone anavyoruka, ati hiyo ni ya kuzikia. Yaani nguo ya mzungu hai mmeipa jina la maiti, na nguo ya babu zenu pia mmeipa maiti. Mtavaa nini sasa?

FundiNamakwekwe:
Mzee shikamoo, nimekusikia. Olubugo nimeishona mara mbili, kofia na kizibao, unaweka sindano nene na hatua ndefu, ukishona hatua fupi inachanika kwenye tundu kama karatasi, na ndani lazima utie pamba maana jasho na maji haipendi. Si nguo ya kwenda nayo shamba, ila kwa sherehe hakuna kitu kizuri kama ile. Jose Hendo, binti yetu aliyeko Uingereza, anaishona na watu wanaivaa kwenye maonyesho ya fasheni huko.

Belo, hapo Malaba umenishinda, nafuta. Lakini usiseme matambara hayana kazi, Kampala kuna Buzigahill ya Bobby Kolade, wanakata mivumba wanashona upya na kuwauzia watu wa Ulaya na Marekani kwa jina lenye maana ya rudisha kwa aliyetuma. Na BintiLango dada yangu, yunifomu ndiyo nitaishikilia, ikitoka oda ya hapa hapa kinu kinakuwa na mtu wa karibu wa kumuuzia na nyinyi mna mtu wa kumdai bei. Na duka likiandika pamba kumbe ni plastiki lipigwe faini. Hilo halihitaji kufungua belo.

Mama_Arua:
Mimi siasa siziwezi, niambieni tu nikiwa dukani natambuaje, maana siwezi kuwasha kibiriti kwenye duka la mtu.

FundiNamakwekwe:
Mama, kikunje ndani ya ngumi hesabu mpaka kumi. Kikitoka na mikunjo mingi huenda kuna pamba ama kitani, kikitoka laini kama hakijaguswa usikiamini. Tia tone la maji, pamba inakunywa, poliyesta maji yanakaa juu kwanza. Geuza ndani uangalie pindo, mshono wenye nafasi ya kuachia utakusaidia ukinenepa. Na hakuna anayekulazimisha uvae gunia, gomesi ya pamba, lile gauni letu la sherehe, na kikoi chake ndani inapendeza kuliko hizo zinazong'aa, na kwa joto la Arua utanishukuru. Nyumbani ndiyo uchome uzi mmoja, uone mwenyewe.

Mama_Arua:
Nimechoma sasa hivi uzi wa yunifomu ya mtoto, mpya ya muhula huu, shuleni walituambia ni pamba. Kigololi. Ndiyo maana anarudi nyumbani mgongo wote vipele.