Ripoti ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ijadiliwe kabla bajeti haijapita. Nani anapinga?

Mbukwenyi ndugu zangu, na wakubwa shikamoni.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Dodoma. Bunge likiwa kwenye vikao gesti zinajaa, bodaboda wanapandisha nauli, na kwangu sufuria haziteremki jikoni. Kwa hiyo nikilalamikia matumizi ya Serikali nalalamikia ugali wangu mwenyewe, nalijua hilo. Semina, warsha, vikao kazi, "kujengeana uwezo", zote nimezipikia. Tangu litoke lile tangazo la Julai 2016 kwamba Serikali inahamia huku, nimetoka kwenye meza moja ya chapati Majengo hadi kuajiri vijana sita.

Sasa nisikilizeni. Ofisi moja, siitaji, ilinipa LPO, ile hati ya kuagiza huduma, ya chakula cha mchana cha watu 60. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nikapigiwa simu: mama, pika cha 40 tu. Waliokula walikuwa 38, sahani nahesabu mwenyewe. Jioni nikaambiwa ankara iende ya 60. Sahani ilikuwa elfu kumi, kwa hiyo sahani ishirini ambazo hazikupikwa ni laki mbili. Mimi nikaachiwa elfu hamsini "ya vocha".

Niliandika. Ndiyo, niliandika 60, maana ofisi hiyohiyo nilikuwa naidai miezi minne, na nilijua nikijifanya mtakatifu lile deni la zamani litaendelea kulala.

Mkaguzi akija atakuta nini? LPO ya 60, ankara ya 60, risiti ya EFD (mashine ya kodi) ya 60, orodha ya mahudhurio yenye sahihi 60. Karatasi zimenyooka kuliko barabara ya kwetu. Ndiyo maana nikisikia taasisi fulani imepata hati safi huwa naguna. Hati inasema hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi pilau alikula nani.

Na pamoja na yote hayo CAG bado anakamata mengi kila mwaka. Swali langu ni hili: anayoyakamata yanajadiliwa lini? Kwa ibara ya 143 ya Katiba anampa Rais ripoti, nayo inafikishwa kwenye kikao cha kwanza cha Bunge kinachofuata, kabla ya kupita siku saba tangu kikao kianze. Hiyo ni Aprili, na Aprili hiyohiyo ndipo Bunge la bajeti linapoanza. Juni bajeti inapita, Julai mosi mwaka mpya wa fedha. Lakini mjadala wenyewe? Ripoti ya mwaka 2021/22 iliwasilishwa Aprili 2023, wabunge wakaijadili Novemba. Hesabuni. Shilingi iliyochezewa Julai 2021 imejadiliwa baada ya miaka miwili na miezi minne, na katikati hapo ofisi iliyoichezea imepitishiwa bajeti mara mbili. Aliyesaini huenda ameshahamishwa mkoa, kaenda na uzoefu wake.

Msiniambie Bunge haliwezi kwenda mbio. Kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond iliundwa Novemba 2007, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu humuhumu Dodoma. Aprili 2012 taarifa za kamati za hesabu zilisomwa, mbunge Zitto Kabwe akaanza kukusanya sahihi za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda, na Mei Rais Kikwete akapangua baraza, mawaziri sita wakaachwa. Kumbe moto ukiwashwa chungu kinachemka.

Nasema ripoti ijadiliwe kabla ya fungu la ofisi husika kupitishwa. Pingeni.

Mhasibu mstaafu, Kondoa:
Marahaba, mwanangu. Napinga. Hoja ya ukaguzi, yaani jambo ambalo mkaguzi anataka lijibiwe, siyo wizi. Mimi niliwahi kuandikiwa hoja ya milioni kadhaa kwa sababu hati ya malipo ilikuwa imechomekwa faili la jirani. Ilitafutwa wiki tatu, ikapatikana, hoja ikafungwa. Kama mngenijadili Aprili ningekuwa nimeshaitwa fisadi redioni, na watoto wangu wanasikia. PAC na LAAC, kamati za Bunge za hesabu za Serikali na za halmashauri, zinahitaji muda wa kumwita afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za ofisi, kupitia vielelezo, wakati mwingine kwenda kuangalia mradi wenyewe. Halmashauri ziko zaidi ya 180! Mnataka LAAC izimalize kwa wiki ngapi?

Fundi Juma, Nkuhungu:
Mwenye mada aanze kujisalimisha TAKUKURU na elfu hamsini yake, ndipo tuendelee.

Mjukuu wa Chamwino:
Fundi, acha utani, mama amesema kweli kuliko wengi. Kijijini kwetu tulisomba mawe na mchanga, kina mama wakabeba maji kichwani, zahanati ikafika lenta. Pale ilipaswa kupokelewa na Serikali. Mbuzi wanalala ndani mpaka leo. Kila tukiuliza tunaambiwa fungu halijatoka, halafu gari za kuja kutueleza kwamba fungu halijatoka ni mashangingi matatu.

Mwenye mada:
Fundi, elfu hamsini ilishakuwa mkaa. Ukinichangia nauli nitakwenda, na nitawataja niliokuwa nao, tuone nani ataacha kunipa tenda kwanza.

Mzee wa Kondoa, hilo la faili la jirani limeniingia. Nilikuwa naongea kama kila hoja ni mwizi, kumbe nyingine ni uzembe wa kutunza karatasi. Basi narekebisha: asitajwe mtu Aprili, na kamati zichukue muda wao hadi Novemba. Lakini fedha ngumu kueleweka ni zipi? Mishahara haina shida, dawa zisiguswe. Lile fungu la semina, safari na viburudisho la ofisi yenye hoja ambayo haijajibiwa, hilo lizuiliwe mpaka hoja ifungwe. Wewe hati yako iliyopotea ilitafutwa wiki tatu. Posho ingekuwa imefungiwa humo ingepatikana kabla ya chai ya saa nne.

Najua nani atakosa tenda hapo. Ni mimi.

Leo asubuhi nimepigiwa tena, ofisi nyingine kabisa: mama, tuna kikao cha watu 45 Alhamisi. Nikauliza, 45 wa kula au 45 wa kwenye karatasi? Simu ikakatika. Nasubiri kuona kama ilikuwa mtandao.