Lamu yaonekana, Waamu hawasikiki: je, wanaokuja kupiga filamu walazimishwe kutupatia nafasi zenye maneno?

Mwanzisha mada, Mkomani

Assalam aleykum wanabaraza, mimi ni wa mtaa wa Mkomani, hapa Lamu. Nimeonekana kwenye filamu tatu na sijasema neno hata moja. Ya kwanza nilipita na punda. Ya pili nilikaa barazani nikashika karata. Ya tatu nilipita tena na punda, na naapa alikuwa punda yule yule.

Hoja yangu ni hii: kampuni ikija kupiga filamu au tamthilia inayohusu Waamu, serikali ya kaunti iweke sharti kwenye kibali kwamba baadhi ya nafasi zenye maneno zipewe watu wa hapa. Kupita na punda kusihesabiwe.

Tangu UNESCO iutie mji wetu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kamera hazijakatika vichochoroni. Mlango wa nakshi hupigwa picha kwa karibu mpaka uone tundu la msumari. Mwenye mlango huambiwa asogee kidogo, anatia kivuli.

Niwape kisa. Siku moja palikuwa na tukio la mashua ikitoka Shela. Nahodha wa kwenye hadithi alikuwa mwigizaji kutoka bara, kijana mzuri, mwenye heshima zake, lakini bahari haijui. Ikabidi nahodha wa kweli alale ngamani, chini kabisa ndani ya mashua, afunikwe mkeka, ashike kana, yaani mpini wa usukani, kwa mkono mmoja, huku yule kijana amesimama juu akitazama upeo wa macho na kusema maneno yake. Tulipofika, mmoja alipigiwa makofi na mwingine alikuwa na maji mpaka kiunoni. Nani alikuwa nahodha hapo?

Mtajiuliza kwa nini nashikilia maneno. Ni kwa sababu mwigizaji hukua kwa maneno. Lupita Nyong'o alipata Oscar mwaka 2014, sote tulishangilia. Lakini alikuwa na miaka 14 alipocheza Juliet jukwaani Nairobi na kundi la Phoenix. Baadaye akafanya kazi nyuma ya kamera, akaonekana kwenye tamthilia ya Shuga mwaka 2009, akaenda kusomea uigizaji chuo kikuu cha Yale, na hata baada ya Oscar akarudi jukwaani, New York, mpaka akateuliwa kuwania Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, mwaka 2016. Sisi tukiwa na miaka 14 tulikuwa na mashindano ya drama ya shule. Nilifika ngazi ya mkoa. Nilipomaliza kidato cha nne, jukwaa likaisha siku ile ile niliyorudisha sare.

Fundi wa taa, Nairobi (mzaliwa wa Malindi)

Ndugu yangu wa Mkomani, nimecheka hapo kwa punda, lakini sharti hilo litawaua nyinyi kabla halijamgusa mwenye kampuni.

Mimi nabeba taa na nyaya, najua siku moja ya kushuti inavyokula pesa. Kuleta Lamu watu thelathini na vyombo vyao ni ndege mpaka Manda, au barabara mpaka Mokowe halafu boti, tena kila sanduku libebwe kwa mkono au mkokoteni kwa sababu gari haliingii mjini. Mkurugenzi akikosa tukio moja kwa kuwa mtu amesahau maneno mara kumi na tano, jua limeshazama na ratiba imekwenda na maji. Ndiyo maana anachukua aliyemzoea.

Mfano ni filamu ya Subira ya mwaka 2018, hadithi ya msichana wa Lamu anayependa kuogelea. Mhusika mkuu alikuwa Brenda Wairimu, ambaye runinga ilikwisha kumpika. Filamu ikachaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar. Mngemkatalia kwa kuwa hakuzaliwa mtaa wa Langoni?

Mkiweka masharti, watakwenda Takaungu au kwetu Malindi, wapake ukuta chokaa, walete mlango mmoja, waseme ni Lamu. Mtazamaji wa Nakuru hatajua. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huko huko kaunti ya Lamu, kafyu ilipowekwa usiku, hakuna aliyesubiri iondolewe ili apate mandhari. Kazi ilihama tu.

Kijana wa Shela

Punda angalau analipiwa kwa saa.

Mama wa Langoni

Nyote mwazungumza kama kwamba tatizo ni kaunti na kampuni. Nami nina binti. Ana sauti, ana uso, akikusimulia kitu jikoni waacha chungu kiungue. Walipokuja watu wa filamu wakimtaka, nilikataa mimi. Sikukataliwa na mkurugenzi yeyote.

Msikimbilie kusema ni dini, wala kwamba sisi wa mitaa hii hatupendi sanaa. Nendeni kwenye arusi ya vugo mkaone, wanawake wameshika pembe za nyati na vijiti, kila mmoja na zamu yake. Bibi yangu alikuwa kwenye chama cha lelemama, ngoma ya wanawake. Alikuwa akimwigiza mume mlevi mpaka watu wanalia kwa kicheko. Alikuwa mwigizaji, tena mkubwa. Tofauti ni kwamba alijua nani anamtazama. Akimaliza, mchezo unabaki ndani ya ukuta ule.

Kamera haina ukuta. Basi niliwauliza wale mabwana maswali matatu. Mwanangu atalala wapi? Atafuatana na nani? Na picha yake mtaiweka wapi, kwa muda gani? Walijibu la kwanza tu, tena kwa kubabaika. Nikaambiwa mimi ndiye ninayezuia vipaji. Haya.

Kwa hiyo mwanzisha mada, sharti lako halijanifikia mimi. Waweza kupata nafasi kumi zenye maneno na wanawake wa Lamu wasiwemo hata mmoja, halafu atafutwe msichana kutoka kwengine avishwe buibui aigize kuwa mimi. Na hilo buibui huwa wanalivaa vibaya, lakini tuliache.

Mwalimu wa Kiswahili, Malindi

Mama wa Langoni amegusa penyewe. Mimi niongeze la lugha, maana ndiko riziki ya waigizaji wa Lamu inakopotelea.

Kijana niliyewahi kumfundisha, Mwamu kindakindaki, alikwenda kwenye usaili. Akaambiwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe siku aliyoaibishwa. Akasema kwa uchungu kabisa: "Wamenteka mbee ya watu." Kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ni kwamba wamemcheka mbele ya watu. Msaili akaandika kisa cha utekaji nyara! Akamuuliza walidai fidia kiasi gani.

Nafasi hakupata. Alielezwa kwamba lafudhi yake "haieleweki kitaifa". Hapo ndipo ninapokasirika. Kiamu kilichobeba tenzi ambazo hao hao wasaili walizisoma shuleni kinageuka kuwa kasoro, halafu anapatiwa kazi mtu aliyejifunza kusema "yakhe" wiki iliyopita, aseme "yakhe" kila sentensi.

Na hao wakubwa wa jukwaa hawaogopi lugha. Mwaka 2012 kundi kutoka Kenya lilicheza tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili kwenye ukumbi wa Globe, London, na Mtanzania Mrisho Mpoto akiwa mhusika Falstaff. Mwaka 2025 Lupita huyo huyo mnayemtaja alicheza mhusika Viola katika Twelfth Night, nayo ya Shakespeare, kwenye ukumbi wa Delacorte, New York, kakaake wa kweli akicheza pacha wake, na wakazungumza Kiswahili jukwaani. Mwongozaji, Saheem Ali, ni Mkenya. Watu wa New York walikaa wakasikiliza lugha wasiyoijua. Mtu wa Nairobi atashindwa kusikiliza "ndia" na "moya", yaani njia na moja?

Fundi wa taa, Nairobi

Mwalimu, kwa heshima, New York mtu ameshaijua hadithi na ametulia kitini. Runinga ya saa moja usiku mama anapika, mtoto analia. Neno moja asilolielewa, amebadilisha stesheni.

Mwalimu wa Kiswahili, Malindi

Mbona Sheng' haimfanyi abadilishe stesheni?

Kijana wa Shela

Hapo fundi amenyamazishwa. Lakini mimi niseme jingine. Mnagombania nafasi ambazo hata aliyezipata hali akashiba. Mzee Ojwang', yaani Benson Wanjau, alituchekesha kwenye kipindi cha runinga cha Vitimbi zaidi ya miaka 30. Nchi nzima ilimjua. Macho yalipomharibikia, watu walimchangia pesa za matibabu. Akafariki Julai 2015 na magazeti yakajaa sifa. Kama huyo, aliyekuwa runingani kila wiki, alihitaji mchango, mimi wa Shela mwenye sentensi mbili kwa mwaka nitakula nini? Kwa sasa naendesha boti ya watalii. Filamu ikija nakodisha boti na nakaa ndani yake, napata mara mbili. Sentensi hainilipi zaidi ya boti.

Mwanzisha mada, Mkomani

Kijana wa Shela, hesabu yako ni sahihi na yaniuma. Lakini boti uliirithi. Mwenye sauti tu, asiye na boti, amwambie nani?

Fundi, kuhusu Subira sijasema Brenda Wairimu asicheze. Alicheza vizuri, nami niliitazama mara mbili. Nasemea yule muuza samosa, yule kadhi, yule nyanya wa dirishani, wale wa sentensi tatu. Hao nao waletwe kwa ndege? Mtu akipata sentensi tatu mwaka huu na tano mwaka ujao, ndipo siku moja mkurugenzi atasema huyu nimemzoea. Mazoea hayo unayoyasifu wewe hayaanguki kutoka mbinguni.

Maswali ya Mama wa Langoni yamenibadilisha. Nilikuwa nafikiria idadi peke yake. Sasa naona sharti lenyewe liwe mkataba ulioandikwa, wenye majibu ya hayo matatu, na usomwe mbele ya mzazi kabla kamera haijafunguliwa sanduku. Kampuni isiyoweza kujibu mtoto wa mtu atalala wapi, nadhani hata Malindi isipokewe.

Na kidogo tu kwa wale wanaodhani uigizaji umeletwa na runinga. Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi zetu, alipofungwa, mamake alimpelekea tupa, chombo cha kukerezea chuma, ndani ya mkate wa wishwa, kwa mkono wa kijakazi Saada. Utaukataje mnyororo na askari wako mlangoni? Aliomba mchezo wa gungu upigwe, kwa ngoma na pembe, akawafundisha watu kuimba, na kelele ile ndiyo iliyoficha sauti ya tupa. Askari walikuwa wanafurahia mchezo. Muhamadi Kijumwa, aliyeutunga utenzi wa kisa hicho mwaka 1913, alikuwa mtu wa hapa hapa mjini, mchonga milango, mwandishi wa hati, mpiga kinanda na mchezaji ngoma. Leo angeambiwa apite na punda.

Ngome yetu ilikamilika 1821, ikawa gereza mpaka 1984. Uani mwake watu hukaa kwenye mikutano na arusi. Naomba tuombe ruhusa ya jioni moja kwa wiki, tusome tamthilia kwa sauti, kwa Kiamu na kwa sanifu. Tukisubiri ruhusa, tuanze uani kwetu Mkomani, Alhamisi baada ya Isha.

Mama wa Langoni

Kwenu uani kuna upande wa wanawake?

Mwanzisha mada, Mkomani

Upo. Mamangu atakuwepo, na dadangu. Njoo na binti, na shangaziye pia akipenda.

Mama wa Langoni

Tutakuja kutazama. Kusoma, nitaona.

Fundi wa taa, Nairobi

Mimi niko njiani Lamu wiki hiyo kwa kazi nyingine. Sharti lenu bado silikubali. Lakini nitaleta taa moja na nitawaonyesha mtu anavyosimama bila kujitia kivuli. Umeme hapo uani ni wa kutegemea?

Kijana wa Shela

Lete na betri.