Mama mkwe anataka niongeze sukari kwenye ORS, nisaidieni

Mama K:
Habari za jioni wana jamvi. Mwanangu ana mwaka na nusu, anaharisha tangu jana. Zahanati wamenipa ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji, na vidonge vya zinki. Mama mkwe anasema ile dawa ina chumvi mno, niongeze vijiko viwili vya sukari, au nimpe soda tu. Nimheshimu vipi bila kumuumiza mtoto? Na kwani maji matupu hayatoshi?

Ticha wa Baiolojia:
Pole dada. Usiongeze kitu. Kwenye utando wa seli za utumbo mwembamba kuna protini inayovusha glukosi, ile sukari ya kwenye ORS, ila haiivushi peke yake: kila molekuli moja huingia na ayoni 2 za sodiamu, yaani chembe zinazotoka kwenye chumvi. Ni kama kadi ya harusi ya dabo kwenye mlango wenye mlinzi mkali, ukija peke yako unarudishwa. Vikishapita, maji huvifuata kwa osmosisi, yaani huvutwa kule kwenye chumvi na sukari nyingi. Maji matupu hayarudishi chumvi iliyopotea.

Raha ya mlango huu ni kwamba hata kipindupindu, kinachofanya seli zimwage chumvi na maji, hakiufungi. Mwanabiokemia Robert Crane aliueleza mwaka 1960. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha maji ya chumvi na glukosi wakimbizi wa vita vya Bangladesh waliougua kipindupindu kule India, vifo vikashuka sana.

Dogo wa Mabibo:
Ticha, sukari ikizidi si ndiyo itavuta chumvi nyingi zaidi?

Ticha wa Baiolojia:
Hapana. Inayokosa wa kuivusha inabaki utumboni, na maji yanatoka mwilini kuifuata. Mtoto anaharisha zaidi. Soda ni hivyo hivyo, sukari tele, chumvi kiduchu.

Nesi Mstaafu:
Mama K, soma pakiti kwanza, zipo za lita moja na za nusu lita. Mpe kijiko kijiko, akitapika subiri dakika 10 uendelee taratibu. Ziwa usimnyime, na zinki amalize siku walizokuandikia hata akipona. Macho yakizama, akilegea, akishindwa kunywa au ukiona damu kwenye choo, kimbia hospitali usiku huo huo. Mama mkwe mpe kazi ya kushika kijiko, atatulia.

Mama K:
Asanteni sana. Iliyobaki leo nimpe kesho kutwa?

Nesi Mstaafu:
Ikipita saa 24 mwaga, koroga nyingine.