Ushauri: nataka kujitengenezea taa za tyubu za kupigia picha

mshika_lenzi
Wakuu, habari za muda. Napiga picha za bidhaa ndogondogo: hereni, chupa za manukato, viatu vya watoto. Flashi inanisumbua kwa sababu sijui kivuli kitaangukia wapi mpaka picha itoke. Nimewaza kufunga tyubu laiti 4 za futi 4 kwenye ubao uliopakwa rangi nyeupe, niusimamishe kando ya meza. Nina tyubu na choki zake (vile vifaa vya kudhibiti umeme wa tyubu) zilizotolewa kwenye ofisi moja. Zinafaa, au najichosha bure?

kivuli_laini
Wazo zuri mkuu, ila choki hizo sizipendi. Ni zile nzito za chuma, sivyo? Kwa umeme wa 50 Hz, tyubu inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukipiga kwa shata (muda kamera inaopokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde, picha moja inatoka angavu, inayofuata ina giza, ya tatu ina ukanda wa njano katikati. Tafuta balasti ya elektroniki ikae badala ya choki. Inaendesha tyubu kwa zaidi ya 20,000 Hz, hutasumbuka tena.

nyaya_na_nyuzi
Watu wanabishania wati tu, wakati jambo lenyewe limeandikwa kwenye tyubu, karibu na kofia yake. Utakuta 765, 840 au 965. Tarakimu ya kwanza ni CRI, yaani rangi zinavyoonekana kwa usahihi: 8 ni themanini na kitu, 9 ni tisini na kitu. Mbili za mwisho ni kelvini, yaani rangi ya mwanga wenyewe, namba ndogo ni njano zaidi, kubwa ni bluu zaidi: 40 ni 4000, 65 ni 6500. Tafuta 950 au 965, zote 4 za namba moja.

mshika_lenzi
Nimezigeuza nikasoma: mbili 840, mbili 765. Duh! Na choki je, kama kamera iko kwenye stendi na bidhaa haitembei?

kivuli_laini
Hapo zitakusaidia. Piga kwa 1/50 au taratibu zaidi, hata nusu sekunde, mpepeso unajifuta. Lakini shata haiponyi rangi. Ukichanganya hizo tyubu, hereni itakuwa na njano upande mmoja na bluu upande wa pili, na hakuna mizani ya weupe (mpangilio wa kamera wa kusahihisha rangi ya mwanga) itakayozipatanisha.

fundi_wa_zamu
Kabla hujashika bisibisi: balasti ya elektroniki haitumii stata, kwa hiyo usinakili nyaya za zamani, fuata mchoro uliobandikwa juu yake. Ukiweka bati nyuma kama kiakisi, lifungwe waya wa ethi. Maungio yote yakae ndani ya kiboksi; mambo ya selotepu hapana. Kama hujawahi kufunga umeme, mwite fundi. Na tyubu ina zebaki. Ikipasuka fungua madirisha, tokeni kwanza, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu. Usifagie.

picha_si_haba
Kwa nini msimwambie anunue LED? Umoja wa Ulaya umeshazuia tyubu mpya za T5 na T8 (saizi za unene wa tyubu) kuingia sokoni tangu 2023.

nyaya_na_nyuzi
LED sawa, lakini nayo uikague CRI, na zile za bei ya kutupa zinapepesa vilevile. Mwenzetu tayari ana ubao na holda, mwacheni.

Mshika lenzi, shida yako itakuwa ile chupa ya manukato. Kioo kitaonyesha mistari 4 myeupe, kila tyubu na wake. Tundika shuka jeupe jembamba kati ya ubao na chupa, lisigusane na tyubu. Ukilisogeza mbali nazo, mistari inayeyuka na kuwa pazia moja la mwanga.

mshika_lenzi
Shukrani. Nisubiri muda gani baada ya kuwasha?

kivuli_laini
Dakika kama kumi, mpaka mwanga utulie. Funga pazia, zima taa ya chumba, ndipo upime weupe kwa kadi ya kijivu pale pale itakapokaa bidhaa.