Barazani: mkeka wa ukindu au jamvi la miyaa?

BintiMtwapa: Jamani hamjambo, nataka kumnunulia mama kitu cha kutandika barazani, kila jioni majirani wanakuja wanakaa chini wanapiga stori, na pesa ni ya kimoja tu. Wengine wanasema ukindu wengine miyaa, mnaojua nisaidieni.

MpembaAsili: Ukindu dada, usisite. Jani la mkindu, ule mti wa jamii ya mtende, ni laini, likichemshwa na rangi inashika kweli, na ukili wake, yaani ule ukanda unaoshonwa na mwenzake kuwa mkeka, unasukwa mwembamba mpaka mkeka ukiupitisha mkono unateleza. Huku kwetu mgeni wa heshima hatandikiwi kingine, na misala ya kuswalia ni hiyohiyo ukindu.

MsusiKwale: Chumbani sawa ila barazani hapana!! Miyaa inatoka kwenye mkoma, nao ni mti wa jamii ya mnazi, jani lake gumu, linavumilia mchanga na watu kupitapita, ndiyo maana makanda na vikapu vya kubebea mizigo tunasukia hiyo. Ubaya wake inakwaruza kidogo, mtoto mchanga usimlaze bila shuka.

Kaka_Tanga: Mbona hamtaji ya plastiki? Inaoshwa fasta inakauka.

MpembaAsili: Inaoshwa ndiyo, lakini joto la msimu wa Kaskazi likianza inanata mgongoni, ukindu unakaa wa baridi siku zote.

MzeeWaShamba: Wanangu, chochote mtakachochagua muulizeni muuzaji jani limekatwaje. Linalofaa ni kuti changa ambalo bado limejifunga, halijafunguka, ila mkataji akiwa na haraka anaondoka na kilele kizima na shina hilo ndo limekufa, halichipui tena juu. Mkindu unatoa machipukizi pembeni lakini mpaka yafikie kukatwa ni miaka. Linaniuma sana jambo hili, maana mabonde yenyewe yanalimwa mpunga na mikindu inazidi kupungua.

BintiMtwapa: Ahsante mzee wangu, nitauliza. Basi naona nichukue jamvi la miyaa, sasa sokoni niangalie nini?

MsusiKwale: Ligeuze, tazama mshono unaounganisha ukili na ukili, vuta kwa vidole gumba, ukiona mwanga unapita achana nalo. Halafu linuse, likinuka uvundo ujue jani lilisukwa halijakauka, litasinyaa na mishono itaachia. Na mwambie mama mvua ikipiga alianike siku hiyohiyo, ukungu ukishaingia hautoki.