Pilipili manga zinanyauka ghafla, nipo Kyela, naombeni ushauri

Habari wadau. Nina ekari moja na nusu, kokoa ndo kubwa, ndani kuna migomba na michikichi kidogo. Mwaka juzi nikaongeza pilipili manga maana bei ya kokoa ikiyumba na nyumba nzima inayumba, nikazipandisha kwenye miti ya glirisidia. Zilikuwa zinapendeza sana, sasa mvua za mwezi wa nne zimechanganya na kule bondeni zinanyauka ghafla, majani yanageuka njano yanapukutika, shina chini jeusi. Za mteremkoni hazina shida. Ni ugonjwa au mbolea? Na naweza kuzipandisha kwenye kokoa zenyewe? Halafu dada yangu yupo Tukuyu anataka marando.

Mkulima_Matombo: Mkuu hiyo sio mbolea, ni kuoza shina na mizizi. Vimelea vinaishi kwenye udongo na vinatembea na maji, ndo maana za bondeni ndo zinakufa. Iliyonyauka haiponi, ng'oa na mizizi yake uchome, na pale pale usirudishie nyingine. Chimba mtaro, inulia udongo kwenye mashina maji yasituame, kata matawi ya chini yanayogusa ardhi. Jembe weka mbali kabisa, mizizi yake iko juujuu, kila kidonda ni njia ya ugonjwa kuingia. Dawa ya kopa (yenye madini ya shaba) inakinga zilizo nzima tu, ukipiga bila mtaro umemwaga hela. Na marando usimpe mtu kutoka bondeni jamani!!

MamaKokoa: Kwenye kokoa hapana ndugu yangu, kokoa inazaa kwenye shina, pilipili ikishakumbatia hapo utavunaje? Baki na glirisidia ila ipunguze matawi mvua zikianza, mwanga na hewa vipite. Urefu wake usizidi mita nne.

Wa_Tukuyu: Dada yako mwambie aachane nayo, huku juu baridi ya mwezi wa sita na wa saba ni kali na pilipili manga inataka joto. Aweke parachichi.

Mwenye uzi: Ndaga fijo, asanteni sana wote, mtaro naanza kesho. Za mteremkoni zimeanza kutoa vishada, nivune lini? Kuna dalali anazitaka mbichi.

Mkulima_Matombo: Usimpe mbichi. Ukiona punje moja mbili kwenye kishada zimeanza wekundu kata kishada chote, pukuchua, chovya kwenye maji ya moto kama dakika moja zipate weusi mzuri, anika kwenye turubai na sio chini kwenye vumbi. Kilo tatu mbichi zinakupa kama kilo moja kavu, na kavu inakaa mpaka bei ikae sawa.