Naombeni ushauri: Mama amegoma kutoa DNA, kaka yetu amepotea miaka 19 sasa

Wakuu habari zenu. Kaka yetu mkubwa alitoka kwenda kazini miaka 19 iliyopita hakurudi, hakuna simu, hakuna mwili, faili lipo polisi limelala tu. Juzi mpelelezi mpya kapiga, wanataka kumpangusa mama ndani ya shavu kwa pamba walinganishe na maiti zisizotambulika. Mama kakataa katakata, anasema "nikitoa hayo mate nimemzika mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe". Shati la kaka mpaka leo limening'inia nyuma ya mlango, hajawahi kulifua, kola imeshageuka njano. Ana miaka 78 na presha juu. Wadogo zangu wanataka tuchukue mswaki wake kimya kimya, mimi roho inakataa ila naogopa akitutoka ndo basi tena. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

#2
Pole sana mkuu. Mswaki wa kuiba hapana, siku akijua hamtakaa mpatane. Anzeni na nyie mliozaliwa naye tumbo moja. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wanafanana DNA karibu nusu kwa wastani, halafu ile ya maitokondria (kisehemu kidogo cha DNA kilicho nje ya kiini cha seli) inatoka kwa mama peke yake kwahiyo nyie wote mnayo kama yeye alivyo nayo. Ya mzazi ina nguvu zaidi, sikatai, ila mkitoa wengi inasaidia sana.

#3
Je polisi wenu walishaomba notisi ya njano ya Interpol? Hiyo ni ya kumtafuta mtu aliyepotea, hata akiwa hai nchi nyingine. Na tangu 2021 Interpol wana I-Familia, inalinganisha DNA za ndugu na miili isiyojulikana ya nchi mbalimbali. Kama kuna dalili alihama nchi nendeni na Msalaba Mwekundu, wanatafuta ndugu bure.

#4
Mkitangaza picha ongezeni umakini. Sisi tulipomtangaza mzee wetu aliyepotea, siku ya tatu tu jamaa kapiga "ninaye hapa hospitali tuma hela ya matibabu", tukamuuliza mzee ana kovu wapi, akakata simu. Alama moja ya kaka yenu msimwambie mtu.

#5
Mwanangu, mimi ni mama na nilikataa hivyo hivyo, watoto wakawa wananieleza mambo ya maabara mimi naona wanataka matanga tu. Siku moja binti yangu akakaa chini tukaongea habari za kaka yake mpaka usiku, kesho yake akatoa mate yake mbele yangu, ndo na mimi nikatoa. Mpaka leo hakuna maiti iliyofanana na sisi. Bado namsubiri, nalala na simu chini ya mto. Sikumzika.

Mleta uzi
Asanteni wote, kesho mimi na wadogo zangu tunaenda kutoa za kwetu. Hii ya #5 nimemsomea mama, kanyamaza muda mrefu akasema nirudie pale pa simu. Sasa anauliza huyo mama anapatikanaje. Mama yangu, nakuomba inboksi, anataka kuongea na wewe.